Pikapu ya Mama Belyse

Majirani wa mtaa wa Kilibula, mjini Uvira, walikuwa wakisema kwamba Sidonie hajui kupokea jibu la nusu. Ukimwambia daraja limekatika, atakuuliza limekatikia upande gani. Ukimwambia fulani anaumwa, atataka kujua anaumwa wapi na tangu lini. Mumewe, Térence Ngendakumana, alizoea kumtania mbele ya wageni kwamba yeye hakuoa mke, alioa polisi wa mpakani, na Sidonie alicheka kuliko wageni wenyewe.

Térence alikuwa na pikapu ya mazutu, yaani ya dizeli, gari la okazio alilolinunua Bujumbura likiwa limeshapita mikononi mwa watu wengi. Kwa gari hilo alibeba mchele na mihogo kutoka Sange na Kiliba hadi sokoni Uvira, na wakati wa kurudi alipakia chumvi, sabuni na abiria. Vita vya mwaka 1996 vilipofika, alilificha ndani ya migomba ya mjomba wake huko bondeni, akalifunika majani makavu, na vita vikapita bila mtu kuligusa. Lakini mwaka uliofuata yeye mwenyewe aliugua manjano. Macho yakageuka rangi, tumbo likavimba, na kabla mvua hazijaanza wakamzika kwao bondeni.

Matanga yalipoondolewa, mdogo wa marehemu aitwaye Sévère, muuza mitumba sokoni, alikaa na shemeji yake uani.

"Shemegi," alisema, "gari iko kitu ya wanaume. Tuiuze, ao niiendeshe minye."

"Watoto wa kaka yako wanakula kupitia hiyo gari," Sidonie akamjibu. "Uniachie kwanza. Ikinishinda, nitakuletea funguo mwenyewe."

Sévère hakubishana. Alifikiri kwamba gari kuukuu mikononi mwa mjane halitamaliza msimu, na funguo zitamjia zenyewe.

Sidonie akamwajiri dereva, mtu wa makamo aitwaye Damien. Mambo yalikwenda vizuri kwa muda, kisha gari likaanza kumaliza maji. Kila safari Damien alisimama njiani kuongeza, na Sidonie alipomuuliza sababu, alijibu kwamba gari zee hunywa maji kama mzee anavyokunywa pombe. Ndiyo kawaida yake. Jibu hilo Sidonie hakulipenda. Kesho yake alikwenda kwa fundi Herménégilde, ambaye karakana yake ilikuwa bati nne na nguzo karibu na mto Mulongwe.

"Fundi, gari yangu inakunywa maji. Kwa nini?"

Herménégilde alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana. "Asubuhi, pale inapolala, chini kunalowana?" aliuliza kutoka huko huko.

"Sijaangalia."

"Moshi yake iko ya rangi gani?"

"Sijui."

"Na mafuta ya motere? Iko nyeusi, ao iko kama chai ya maziwa?"

Ilikuwa mara ya kwanza Sidonie kukutana na mtu anayeuliza kumshinda yeye.

"Mama, rudi nyumbani uangalie," fundi akasema. "Kisha ukuye tuongee."

Akarudi, akaangalia. Alimlazimisha Damien kufungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia mafuta, akakipangusa kwa pembe ya kitenge. Mafuta yalikuwa meusi. Moshi ulikuwa wa kawaida. Chini ya gari, upande wa mbele, mchanga ulikuwa umelowa. Aliporudi na habari hizo, Herménégilde alitoka chini ya lori, akakaa kwenye debe, na safari hii akajibu kila kitu. Ilikuwa radiateri, basi, na ingezibwa siku ileile. Kama mafuta yangekuwa kama chai ya maziwa, maana yake maji yamepenya ndani ya motere, injini yenyewe, kwa sababu kulasi, kile kifuniko kizito cha juu, kimepasuka. Na kulasi hupasuka kwa haraka za watu.

"Mushale ya joto ikipanda, simama," alimwambia. "Zima, ukae chini, ungoje motere ipoe kabisa. Usimwagie maji baridi ingali ya moto, hata kama una bibi arusi ndani."

Kuanzia hapo Sidonie alikuwa mgeni wa kila mara pale karakanani. Alijifunza kwamba mazutu ya bidoni, yaani ya madumu, yanayovushwa kutoka ng'ambo yana maji ndani, kwa hiyo unayaacha yatulie na yale ya chini huyamimini. Alijifunza kukung'uta filta kila akitoka bondeni, maana vumbi la Sange huingia hata kwenye meno. Tairi la okazio, aliambiwa, usiliangalie usoni. Liangalie ubavu wa ndani, ule muuzaji anaougeuzia ukutani. Damien hakuyapenda masomo hayo. "Shoferi gani anaulizwa mafuta kila asubuhi kama mwanafunzi?" alilalamika, na siku moja akaacha funguo juu ya kiti, akaenda zake.

Basi Sidonie akajifunza kuendesha. Herménégilde alikaa pembeni, mkono kwenye freni ya mkono, wakaenda na kurudi kwenye njia iliyonyooka ya Kiliba. Mara ya kwanza kuingia mjini peke yake aliliangusha gurudumu la mbele mtaroni, karibu na soko. Wanaume walimsukumia gari huku wakimcheka, naye akacheka kuwapita, akawasha, akaondoka.

Halafu ukafika Agosti wa 1998, na vita vingine. Redio zilisema hivi, watu walisema vingine, na asubuhi moja risasi zikasikika upande wa Kavimvira. Wenye silaha walikuwa wakitafuta magari nyumba kwa nyumba. Radiateri ilikuwa imefunguka tena pale pale pa zamani, na Sidonie alikuwa akimngoja fundi. Aliyefika alikuwa Sévère, mbio, na nyuma yake mkewe Marie-Rose amebeba mtoto mchanga ambaye kitovu hakijakauka.

"Shemegi, tupande! Tuende kusini!"

"Hii gari haitapanda mulima bila kusimama," Sidonie alisema. "Radiateri inavuja. Itabidi kila kipande uzime, ungoje, uongeze maji."

"Risasi zinalia, weye unaniongelea maji?"

Sidonie alimtazama yule mtoto. Mihogo ya wateja ilikuwa bado nyuma ya pikapu; akaishusha, akaweka bidoni kubwa ya maji nyuma ya kiti, akamwonyesha Sévère mshale wa joto na mahali ambapo haupaswi kupita. Kisha akampa funguo. Yeye hakupanda. Nyuma tayari walikuwa wamejaa watu wa mtaa mzima, na alijua uzito huo gari halitauweza akiongeza na wake. Aliwashika mkono wanawe, Belyse na Merdi, akapanda nao mlimani kwa miguu kwa binamu yake.

Yaliyotokea njiani aliyasikia baadaye. Maji ya bidoni waliyanywa watoto, kwa sababu jua lilikuwa kali na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuwanyima. Mshale ulipanda. Sévère aliuona, akakumbuka alichoambiwa, lakini nyuma yao milio ilikuwa karibu, naye akakanyaga mafuta. Kwenye kilima kabla ya Kigongo, juu ya ziwa, motere ikazima. Alishuka mbio ziwani, akachota maji kwa ndoo, akayamwaga juu yake. Ikatoa mlio kama wa chungu kinachodondoka. Wakaliacha hapo, wakaendelea kwa miguu.

Sévère alirudi Uvira baada ya mji kutulia kidogo, amekonda, viatu vimefungwa kamba. Alisimama mlangoni asiingie.

"Shemegi, gari imekufa. Nimeiua minye."

"Mutoto?"

"Iko. Na mama yake iko."

"Basi ingia ule."

Alimwachia amalize bugali. Ndipo akamuuliza kama alimwaga maji motere ingali ya moto, na Sévère akaitikia kwa kichwa. Sidonie akatoka, akaenda nyuma ya jiko, akalia pale kwa muda mrefu, sauti yake ikisikika mpaka barabarani. Alimlilia Térence, kwa kweli, kuliko siku aliyomzika. Alipomaliza alinawa uso, akavaa viatu na kwenda Mulongwe.

"Kulasi ikipasuka si mwisho ya motere," Herménégilde alimwambia. "Kama huku chini iko muzima, inapona. Lakini tutaitoa namna gani? Barabara iko na vizuizi. Utaibeba kichwani?"

"Ziwa haliko na vizuizi vingi," Sidonie akasema.

Alikuwa na jirani, Mathieu, mvuvi wa ndagala mwenye boti pana ya mbao. Waliondoka mchana kweupe, nyavu zikiwa juu ili waonekane watu wa kazi: Mathieu, fundi, Sévère na Sidonie mwenyewe. Pikapu waliikuta pale pale kilimani. Magurudumu hayakuwepo, batri haikuwepo, viti vilikuwa vimechukuliwa, na ndani kuku wa mama mmoja wa kijiji walikuwa wakitaga. Mama huyo alikataa katakata gari liguswe mpaka Sidonie alipomhakikishia kwamba nyumba ya kuku itabaki. Walichokuja kuchukua ni kile chuma cha mbele tu. Herménégilde alifungua bolti moja moja. Wakaining'iniza motere kwenye miti miwili, wakaishusha hadi majini wakipumzika kila hatua chache, na ilipopakiwa, boti ikadidimia mpaka ukingo wake ukakaribia kulingana na maji. Njia nzima Sévère alikuwa akikomba maji kwa kopo, hakuinua kichwa hata mara moja.

Kulasi nyingine ilipatikana bondeni, kwenye mzoga wa gari uliokuwa hauna mwenyewe tena. Fundi akaifunga, na motere ikanguruma ndani ya jiko la Sidonie, ikajaza nyumba moshi. Lakini gari la kuiweka halikuwepo, na hata lingekuwepo, miaka ile mwenye gari alikuwa analitunza kwa ajili ya mwenye bunduki. Wenye mashine za kusaga mtaani walikuwa wamekimbia, wanawake wanatwanga mihogo mpaka viganja vinachubuka. Sidonie akaiangalia motere, akamuuliza fundi kama lazima izungushe magurudumu.

Si lazima. Waliifunga kwenye saruji, wakaiunganisha kwa mkanda na kinu cha chuma, na badala ya radiateri wakaweka pipa la maji. Sévère, ambaye mitumba yake iliporwa, akawa mtu wa kulisha kinu. Wenye silaha walikuja zaidi ya mara moja. Walikuta mashine imekazwa chini, unga umefunika kila kitu. Walibeba unga, motere wakaiacha. Hivyo ndivyo watoto walivyolishwa muda wote wa vita, na wa Marie-Rose pamoja nao.

Amani ilipoanza kurudi, magari ya okazio yakaanza tena kuvuka kutoka Bujumbura, na wateja wakingoja unga wao walimwuliza Mama Belyse maswali ya magari. Kwizera, mfugaji wa Rurambo aliyekuwa ameuza ng'ombe wake, alimwomba waende pamoja kutazama gari moja. Lilikuwa linang'aa, limeoshwa hata ndani ya boneti. Sidonie aliweka kiganja juu ya motere.

"Iko moto, na sisi ndiyo tunafika," alimnong'oneza Kwizera. "Ameiwasha kabla yetu. Rudi kesho asubuhi, umwambie asiiguse, uisikie ikiamka baridi."

Muuzaji alisema kesho litakuwa limeshanunuliwa. Kwizera akamtazama Sidonie, akalitazama gari, akanunua.

Wiki haikuisha akatokea kwenye mashine, suruali imejaa vumbi, gari limemgomea Luvungi. Alikuwa amejiandaa kusemwa. Sidonie alimpa kigoda na maji ya kunywa, akamwita Sévère azime motere, akatuma salamu kwa Herménégilde ajiandae na vyuma vyake waende Luvungi. Siku hiyo wateja walisaga kwa jirani.