Jiwe la Mama Elisante

Siku yangu ya kwanza kazini nilimshuku Fundi Mkuu mwenyewe. Nilifika kwenye karakana ya mizani, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, saa moja na nusu asubuhi, nikasema, "Shikamoo, Fundi." Mzee wa Kiarabu, mzaliwa wa mtaa huohuo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akanisukumia jiwe la mizani la kilo moja pamoja na kitambaa laini. Nikajisemea, huyu anataka kunifanya mfuta vumbi wake. Nikalishika jiwe kwa mkono mtupu.

"Umeshaliharibu," akasema. "Jasho lina uzito. Na chumvi ya mkono wako itakula chuma."

Kumbe lile lilikuwa jiwe la mfano, ambalo mengine yote hupimwa kwalo. Nyie mliozaliwa na mizani za betri niwaeleze kidogo. Chini ya kila jiwe la chuma kuna tundu, na ndani yake kuna risasi. Siyo ya bunduki, ni yale madini laini, mazito, yanayoyeyuka upesi. Jiwe likichakaa likapungua, tunaongeza risasi, likizidi, tunakwangua. Fundi anaweka alama yake pembeni ya tundu, kisha mkaguzi wa vipimo, aliyekuwa anakuja Alhamisi, anagonga chapa juu ya risasi. Alama yangu ilikuwa nukta tatu.

Mwizi naye analijua hilo tundu. Anachokonoa risasi, jiwe linabaki na sura ileile, mteja anabeba pungufu na kusema asante. Ndiyo maana Fundi Mkuu alikuwa na sheria yake. "Jiwe kwanza, mtu baadaye," alisema. "Ligeuze, angalia tundu, ndipo umtazame aliyelileta." Niliitikia vizuri sana siku hiyo.

Mwaka wa pili Msimamizi wa kazi za nje alinipeleka Feri, kwenye mizani za springi za wauza samaki. Huko ndiko nilikoharibikia, au nilikoivia, sijui. Niliona nta imebandikwa chini ya sahani. Niliona sumaku. Kulikuwa na mzee mmoja asiyetumia chochote ila kidole chake kidogo, alikiegemeza tu huku akikuuliza habari za watoto. Msimamizi akaniambia, "Zuhura, wewe unashuku hata samaki." Nikaona amenisifu.

Niliporudi Kariakoo nilikuwa fundi kamili, na macho yangu yakamwangukia Mama Elisante. Alikuwa mjane wa Kichaga, muuza mchele na maharage, meza yake ikitazamana na karakana yetu. Kila alipopima, sahani zikishalingana, alichota mchele mkono mmoja zaidi akatia kwenye mfuko wa mteja. Nyongeza, bure. Watu walimpenda kwa hilo. Mimi nilimchukia kwa hilohilo. Mwenye mizani safi anaongeza ya nini? Siku moja nilinunua kwake kilo mbili, nikavuka barabara nikazipima kwetu. Zilizidi. Badala ya kuona haya nikasema, leo kanijua mimi ni nani.

Basi ukafika msimu wa Idi, wateja wamejaa hadi nje. Jumatatu hiyo Fundi Mkuu alikuwa Kigamboni msibani, kaniachia karakana. Mama Elisante akaja na jiwe lake la kilo mbili, anataka lipimwe. Nikaliweka dhidi ya jiwe la mfano la kilo mbili. Lilikuwa jepesi.

Sikuligeuza. Nilimgeukia yeye.

"Mama Elisante, jiwe lako limechokonolewa," nikasema, na nilipaza sauti makusudi. "Kumbe nyongeza zote zile zilikuwa za kutuziba macho."

Mteja mmoja akasema taratibu, "Eh. Na kanisani haachi."

Mama Elisante akanitazama. "Umeliangalia, dada Zuhura?"

"Nimelipima."

"Sawa. Andika ulichokipima." Akaliacha jiwe, akavuka barabara.

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imezunguka mtaa mzima. Niliwaona wateja wake wakipita mbele ya meza yake wanaangalia upande mwingine, wanaenda kwa jirani. Alhamisi mkaguzi angekuja, na jina likishaingia kwenye daftari la mawe yaliyochezewa, leseni inakwenda. Ile meza ndiyo iliyokuwa inamsomeshea watoto watatu. Nilijua yote hayo, na nililala usingizi mzuri.

Jumatano nililigeuza jiwe, si kwa ajili ya sheria ya mtu, nilitaka tu kusoma namba yake niiandike. Tundu lilikuwa wazi, chapa na risasi vimeondoka. Lakini mwizi akichokonoa anaacha mikwaruzo inayong'aa, na hapa hapakuwa na hata mmoja. Ndani mlikuwa na grisi. Kuna fundi aliyemimina risasi bila kufuta tundu, haikushika, ikang'oka nzima kama jino bovu. Pembeni kulikuwa na nukta tatu.

Nilikaa chini. Niliona aibu, na baada ya aibu, sitawaficha, niliona mwanya. Tupa ilikuwa mezani. Kusugua mara mbili tatu na nukta zingekwisha, nani angejua? Nikikiri, mkate wangu umekwenda. Nikaishika tupa. Nikaishika kwa muda mrefu, na ukweli ni kwamba kilichonizuia si wema. Ni kushuku. Lilinirudia lile swali lake, umeliangalia, dada Zuhura? Mtu haulizi hivyo kama yeye mwenyewe hajaangalia.

Nikavuka barabara na jiwe. "Mama Elisante, ulijua?"

Akafungua fundo la khanga, akatoa kibonge cha risasi. "Kilidondokea kwenye maharage wiki mbili zilizopita. Tangu hapo nyongeza yangu ikawa mikono miwili badala ya mmoja, hadi nilipopata nafasi ya kukuletea."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mbele ya watu wale? Alama ni yako. Nilisema moyoni, nisimwaibishe, ataligeuza sasa hivi ataona." Akakiweka kibonge mkononi mwangu. "Leo siku ya tatu, Zuhura. Nimekaa hapa natazama mgongo wako siku tatu."

Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimelipwa mshahara kuangalia chini ya vitu.

Nilisimama palepale mbele ya meza yake, saa ya watu wengi, jiwe mkono huu na kibonge mkono huu, nikasema kosa ni langu, na nikasema jina langu. Ilibidi nirudie, maana mara ya kwanza sauti ilitoka ndogo. Fundi Mkuu aliporudi aliniondoa kwenye risasi mwaka mzima, nikawa mfuta vumbi kweli. Alhamisi mkaguzi aliandika jina langu. Wateja wa Mama Elisante wengi walirudi. Wengine hawakurudi kabisa, na nilikuwa nawajua kwa sura, nikikutana nao nilikuwa nainamisha kichwa.

Nilidhani tabia njema ni kutoiba, na kwa kuwa sikuwahi kuiba nilijiona nimemaliza. Bado nashuku, nashuku hata nyie mnaosoma hapa. Siku hizi naanza na mikono yangu mwenyewe, na si kila siku nakumbuka.

Siku ya kuagwa kwangu, nilipostaafu, Mama Elisante alivuka barabara na lile jiwe. Ana mizani ya betri sasa. "Chukua, dada, ukazuie mlango," akasema.

Nikalipokea kwa kitambaa. Nikaligeuza, nikaangalia tundu, ndipo nikamtazama yeye.