Vidonge vya Ndugu Wawili

Siku yangu ya kwanza kwenye dirisha la dawa, katika hospitali moja mjini Bukoba, Mfamasia Mkuu alinikuta namkabidhi mama mmoja vidonge bila neno. Akafoka, "Wee binti! Kugawa vidonge hata kipofu ataweza. Mweleze anameza nini!" Nilimchukia mzee yule. Nilipohamishiwa Kashozi, kisha Muleba, nikawa mkali kuliko yeye.

Muleba ndiko nilikokutana na Ma Kokugonza, mkulima wa kahawa. Hedhi yake ilikuwa imekoma, na joto la ghafla likimlowesha jasho hata kanisani. Daktari alimwandikia dawa mbili. Ya kwanza ni estrojeni, homoni ambayo mwili wa mwanamke wa umri huo huacha kuitengeneza ya kutosha. Hiyo ndiyo inayopoza joto. Lakini mwenye kizazi akiimeza peke yake, ukuta wa ndani wa kizazi hunenepa, na saratani inaweza kuanzia hapo. Ya pili, projestini, huuzuia ukuta huo usinenepe. Nilimweleza yote, akayarudia bila kukosea. Kila alipokuja kuchukua nyingine nilimuuliza kama zote mbili zinakwisha.

"Zinakwisha, waitu," hunijibu kwa neno la heshima la Kihaya.

Miaka ikapita. Siku moja akaja amemshika mkono mdogo wake, Koburungi, amekonda, anatokwa damu. Ilipoanza kutoka alifurahi, akidhani ujana umerudi.

"Naye joto lilimtesa," Ma Kokugonza akasema. "Nikampa ile inayopoza, mimi nikabaki na nyingine. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Ndivyo tulivyokula tangu utoto."

Nilitaka kufoka kama bosi wangu wa zamani, nikashindwa. Kwetu mtu akiitwa mchoyo, aibu yake huwafuata hata wajukuu. Hospitali ya rufaa walisema ugonjwa umeshasambaa. Tulimzika Koburungi migombani, kahawa ikianza kuiva.

Sasa nimestaafu, naishi Rwamishenye. Ninyi vijana wa dirishani, msiishie kumweleza mama anameza nini. Muulizeni na nyumbani anaishi na nani. Ma Kokugonza bado hunitembelea na kahawa yake ya kutafuna. Joto halijamwacha, ila dawa hataki hata kuisikia. Juzi alifuta jasho, akaniuliza, "Waitu, ningekuwa mchoyo, mdogo wangu angekuwapo?"

Jibu nalijua. Nikamwambia kahawa yake ya mwaka huu ni tamu.