Siku Nilipoupima Mzani wa Watoto kwa Sukari ya Shangazi

Jamani, mimi ni mtu ambaye hata nikiambiwa mvua inanyesha natoka kwanza nje kuhakikisha, lakini aibu niliyoipata siku ile ya kliniki ya watoto sikuihoji wala kuitafutia ushahidi, ilinitosha kama ilivyo, na ninaisimulia mwenyewe kwa sababu kule kijijini wanaisimulia vibaya zaidi.

Nilikuwa nimerudi Sumbawanga na shahada yangu ya sosholojia, nikakaa kwa mama, mtaa wa Katandala, miaka miwili nikituma maombi ya kazi na kubishana na redio, mpaka mama akaniambia, "Mwanangu, hiyo shahada haijakukataza kusoma kitu kingine." Ndivyo nilivyoingia kozi ya mwaka mmoja ya mhudumu wa afya, yaani yule anayekupima uzito, joto na presha kabla hujaonana na daktari (darasani nilikuwa mkubwa kuliko wote na mwenye maswali kuliko wote, mwalimu mmoja akawa ananitazama kama mkulima anavyotazama wingu la mvua ya mawe). Mazoezi nikapelekwa zahanati moja ya kijiji, njia ya kwenda Msanzi, chini ya Nesi Gaudensia, mama mfupi asiyepandisha sauti, ambaye bila saini yake kwenye daftari langu cheti ningekisikia kwa wenzangu tu. Malazi yalikuwa kwa shangazi yangu, Mama Kizito, mwenye duka palepale kijijini.

Siku yenyewe nilichelewa. Shangazi, ambaye ndiye alikuwa mpishi wa uji wa ulezi wanaofundishwa akina mama siku ya kliniki, alitangulia, akaniachia nibebe sukari kilo mbili, pakiti mbili alizofunga mwenyewe dukani. Nikafika nazo mkononi, nikakuta mzani unaning'inia kwenye boriti ya baraza, foleni imefika barabarani, na Nesi ameshaingia ndani kuchanja. Akaniambia kupitia dirishani, "Pima, andika."

Maneno mawili tu. Lakini mimi nimezaliwa na mkulima wa mahindi. Baba yangu, mnunuzi akija na mzani wake, hupanda yeye kwanza, maana uzito wake anaujua, na mzani ukimpunguza hata kilo moja biashara imeishia hapo. Nikajiuliza, huu nao nani kaupima? Nikazitumbukiza pakiti zote mbili kwenye ile kaptula ya kupimia watoto. Mshale ukasimama kwenye kilo moja na gramu mia saba.

Mtu mwenye akili angeingia ndani akamnong'oneza Nesi. Mimi nikawageukia akina mama nikasema, kwa sauti ya ukumbi wa mihadhara, "Mzani huu ni mwongo. Unakula gramu mia tatu."

Sasa uwaambie wakulima wa Ufipa, watu walioibiwa na mizani tangu enzi za babu zao, kwamba na hapa wanaibiwa, halafu utegemee wakae kimya? "Ndiyo maana!" mmoja akaruka. "Kila mwezi naambiwa mtoto hajaongezeka, kumbe mnampunguza nyie!" Mwingine akataka kadi ya mwanawe ifutwe iandikwe upya yote. Bibi mmoja aliyemleta mjukuu akauliza, "Na hizo sindano, nazo mnajaza sawasawa?" Mama mmoja akanishika mkono, "Mungu akubariki, daktari," nami nikavimba (neno daktari sikulirekebisha, niandikieni na hilo).

Kwenye benchi alikuwapo Oresta, mama kijana wa umri kama wangu, na mwanawe Leokadia wa mwaka mmoja na miezi miwili. Nesi alikuwa amempima kabla sijafika, mtoto akaangukia rangi nyekundu ya kadi, ya uzito pungufu mno, na mama alikuwa anasubiri barua ya kumpeleka hospitali mjini kesho yake. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo huyu hana tatizo?"

"Inawezekana kabisa," nikajibu, jibu la msomi. Akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake shambani.

Nesi akatoka. Hakugomba. Aliinama chini ya meza akatoa dumu la maji. "Kila asubuhi ya kliniki napima hili kwanza," akasema. "Lita tano, kilo tano, na dumu lenyewe kidogo. Ungewahi ungeniona." Akalitundika: tano na kidogo. Akaitundika sukari: moja na mia saba. Foleni nzima ikapiga hesabu kimyakimya, na ile ni hesabu isiyohitaji chuo.

"Sukari ya duka gani hiyo?" sauti ikauliza. Papo hapo shangazi akatokeza kutoka jikoni, mwiko unadondosha uji, akisema, "Sukari imefika?"

"Imefika, Mama Kizito," yule bibi akamjibu, "ila haijafika yote."

"Hiyo ni kilo ya dukani!" shangazi akafoka, kama vile duniani kuna kilo za aina mbili, na hapo watu wakacheka hadi watoto wakaanza kulia. Nikatamani boriti iniangukie. Nesi peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama benchi. "Oresta yuko wapi?"

Foleni ilipokwisha nikachukua baiskeli, mzani na lile dumu, nikapanda na kushuka vilima jua likiwa utosini, nikamkuta anavuna ulezi na mama mkwe wake, mtoto amelala kivulini, kimya kuliko mtoto wa umri ule anavyopaswa kuwa. Nikaeleza. Oresta akanitazama. "Sasa nimwamini yupi, wewe wa asubuhi au wewe wa mchana?"

"Usimwamini hata mmoja," nikasema. "Jaza maji mwenyewe."

Akajaza, akatundika mwenyewe kwenye boriti ya kichanja cha mahindi, akasoma tano na kidogo. Akamtia Leokadia. Kilo sita na gramu mia mbili. Akasoma, akarudia kusoma, kisha akakaa chini.

"Na asubuhi ulipimia nini?" mama mkwe akauliza. Nikamwambia, sukari ya Mama Kizito. Akapiga makofi kwa mshangao. "Ile? Mbona tunaijua sote, ndiyo maana tukipika tunaongeza kijiko! Wewe unalala mlemle dukani hukujua?"

Kesho yake walikwenda mjini. Leokadia alilazwa wiki tatu, akarudi anapiga kelele kama watu wengine, na siku alipoingia rangi ya kijani ni mimi niliyeandika, baada ya kulipima dumu mara mbili. Nesi alisaini daftari langu, na kwenye nafasi ya maoni akaandika: "Anauliza vizuri. Aanze na alichobeba."

Nimeapa kufuata hilo. Kuhoji sijaacha, siwezi, ila sasa naanza na kilichomo mkononi mwangu, na nikigundua jambo namwambia mtu mmoja kwanza, si foleni nzima. Shangazi amenunua mzani mpya, na wateja wanakuja na madumu yao. Mimi nikimtembelea ananikaribisha chai vizuri tu, kisha anausogeza mzani ule mezani, kando ya bakuli la sukari, na kuniambia, "Pima mwenyewe, daktari."