Nilipika mbegu za maharagi, nikapanda meupe ya msaada

Wakuu, habari za kwenu. Nimesoma hadi darasa la tatu, makosa ya kuandika mnivumilie. Mambo yenyewe ninayasema kama yalivyokuwa.

Mwaka 1997, nikiwa na miaka 34, tulivuka kutoka Bukavu, miye, mke wangu Maman Esta na batoto bane. Tukapata shamba Nkungu, kilimani ng'ambo ya mpaka.

Miaka ile kila muntu alikuwa anaanza upya. Mavuno yetu ya kwanza yalikuwa kidogo, tukala unga wa msaada.

Maman Esta alikuwa na kopo moja la mbegu za maharagi, alipewa na jirani tuliyemwita Mukecuru, yaani bibi kizee kwa lugha ya pale. Mchanganyiko mtupu: meusi, mekundu, ya njano, yenye madoa.

Halafu msaada ukaleta mbegu pia. Meupe, makubwa, yote sawasawa. Nikamwambia mke wangu apike yale ya kopo.

"Papa Esta, hii ni mbegu."

"Hii ni takataka ya kufagiwa sokoni. Pika."

Akapika. Yalikuwa matamu, sitadanganya.

Nikapanda meupe peke yake. Mukecuru akapita na fimbo yake.

"We wa Kongo, hii kilima haipendi rangi moja."

Nikacheka.

Mvua ikanyesha bila kupumzika. Meupe yangu yakaoza yakiwa na maua. Kwa Mukecuru mekundu yalikufa, meusi yakasimama. Ndipo nikaelewa kwa nini watu wa pale wanachanganya: mvua ikizidi yanabaki haya, jua likizidi yanabaki yale.

Nikarudi kwenye foleni ya unga, miye niliyejisifu kwamba sitasimama pale tena. Na unga haupandwi.

Nikaenda kwa Mukecuru kuomba mbegu. Aliniacha nimesimama uani.

"Yale ya kwanza, mulikula na chumvi?"

"Bila chumvi, Mukecuru."

"Pole. Na chumvi ni matamu zaidi."

Akanimiminia viganja viwili. Akasema nikivuna nimrudishie viwili, na viwili vingine nimpe yeyote atakayekuja na aibu kama yangu.

Msaada siulaumu. Unga ule ndio uliwashika batoto wangu wasife. Aliyeleta mbegu hakukijua kilima chetu, lakini miye niliyelala juu yake sikuuliza.

Leo nina mashamba mawili, ng'ombe na ndama wake, migomba, nyumba ya mabati. Na pipa moja la maharagi ya kila rangi, ambalo hakuna anayelipika.

Kama kuna mwingine hapa alishakula mbegu yake, aandike. Sitacheka.