Gomesi ya Kipimo Changu

Siku ya kujaribu gomesi tulikuwa wanne chumbani kwangu, mjini Busia, upande wa Uganda. Nilikuwepo mimi. Alikuwepo mdogo wangu wa kike, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, ambaye watu wa mchumba wake walikuwa wamepanga kuja kwetu Dabani kutoka Nagongera, kujitambulisha. Alikuwepo shangazi yetu wa Masaba, dada wa marehemu baba, tunayemwita senga kama wanavyoitwa mashangazi wote huku. Na alikuwepo fundi cherehani, mama wa makamo, aliyevuka kutoka upande wa Kenya na gomesi mpya imefungwa kwenye gazeti. Wadogo zetu wa kiume nilikuwa nimewafukuza nje.

Gomesi, vazi letu refu la heshima lenye mshipi mpana, ni nguo inayotaka mwili. Ndiyo maana chini yake tunajifunga vitambaa kiunoni, nyonga zijae, mshipi ukae. Kila mwanamke anajua, hata wanaume wanajua, na hakuna anayeona haya. Nyonga za vitambaa ni heshima. Lakini kifua, eti, lazima uwe umezaliwa nacho.

Mdogo wangu alipoivaa, nyonga zilikaa vizuri na mabega yakasimama, ila mbele kitambaa kilianguka kama gunia lililokwisha mahindi. Fundi akashika kile kilichozidi, akauliza mfano alioletewa ulikuwa wa nani. Ulikuwa wangu. Senga alikuwa ametoa gomesi yangu sandukuni bila kuniuliza, akampelekea fundi akate vilevile, kwa kuwa watoto wa tumbo moja wana mwili mmoja.

Hatuna mwili mmoja. Mimi nilichukua kifua cha mama. Yeye alichukua cha upande wa baba, kilekile alicho nacho senga mwenyewe, ingawa hilo hakuna aliyethubutu kulisema. Fundi alisema si kazi kubwa, atapunguza kifuani na jioni nguo itakuwa tayari.

"Nguo haipunguzwi," senga akasema. "Wa kuongezwa ni huyu."

Fundi alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Senga aliendelea kusema kwamba watu wa Nagongera wataona msichana amesimama kama mlango, waanze kujiuliza wajukuu watanyonya nini. Mdogo wangu alivua gomesi, akaikunja, akaiweka kitandani, akasema kwa sauti ya chini kwamba hatatoka mbele ya wageni. Na kutoka ndiyo siku yenyewe. Msichana hutoka ndani ya nyumba akapiga magoti, wageni wakasema huyu ndiye tuliyemfuata. Asipotoka, wageni wanarudi kwao, na mchumba anatafutiwa mwingine.

Nilichoka palepale. Mimi nauza sidiria za mitumba. Niliacha shule darasa la sita tulipowazika wazazi, na wadogo zangu wote wamekula sidiria tangu wakati huo. Sokoni kwetu mwanamke hujaribu sidiria juu ya blauzi, katikati ya njia, mimi nikimfungia nyuma na wapita njia wakitoa maoni. Nimewafungia walimu, wake za wachungaji, wauza samaki wa pande zote mbili za mpaka. Wenye matiti makubwa wanataka ya kubana, wenye madogo wanataka ya sponji. Sijapata hata mmoja aliyejitazama kwenye kioo changu akasema, basi, nilivyo inatosha. Mimi mwenyewe kifua hiki kimeniletea mgongo mbovu, na wanaume wanaoniuliza njia ya kwenda benki huku wakikitazama chenyewe. Nilimwambia mdogo wangu kwamba ningempa nusu bila kudai asante. Akaniambia naweza kusema hivyo kwa sababu ninacho.

Nikamchagulia sidiria nzuri ya sponji. Akaijaribu, akanirudishia. Alisema siku moja itavuliwa, na mumewe atadhani ameibiwa.

Basi senga akamchukua wakakae Masaba, kama ilivyo kazi yake kumfunda bibi harusi. Hiyo ni haki ya shangazi na si ya dada. Kule kinamasini kuna wadudu weusi wadogo, wale wanaozungukazunguka juu ya maji yaliyotulia, na bibi zetu waliamini mdudu huyo akiuma titi, titi huota. Niliwahi kusikia habari hiyo nikaicheka. Sikufikiri kama kuna mtu mzima, mwenye simu, ambaye angekubali kukaa kwenye kigoda huku shangazi yake akifungua kopo la siagi lenye wadudu wa kumuuma.

Alirudi akitabasamu. Mara ya kwanza tangu siku ya gomesi. Alinivuta ndani, akafunga mlango, akanionyesha upande wa kushoto. Ulikuwa umejaa kweli, umevimba, ngozi inang'aa.

"Dada, limeanza," akaniambia. "Bado hili moja tu."

Niliweka mkono. Lilikuwa la moto kama sufuria. Nikamwambia huo ni ugonjwa. Akasema nina wivu, kwamba nimezoea kuwa mwenye kifua peke yangu nyumbani. Usiku alitetemeka kwa homa, na bado asubuhi alikuwa akijipima kwenye kioo changu cha biashara, ameegemea ukuta ili asianguke. Sijawahi kutamani kumpiga mtu niliyemlea kama siku ile. Nilimfunga leso, nikampakia kwenye boda, mimi nyuma yake nikimshika asidondoke, hadi Tororo.

Muuguzi aliuliza kilichotokea. Mdogo wangu akasema ni mwiba. Mimi nikasema ukweli, maana daktari hawezi kutibu mwiba ambao haupo. Muuguzi hakucheka. Walipasua, usaha ukatoka mwingi. Muuguzi alipomaliza kufunga bandeji alimwinamia mdogo wangu na kumwambia, "Mama, titi hili lilikuwa zima. Lilikuwa linangoja mtoto tu. Mngechelewa kidogo tungelikata."

Mdogo wangu alilia. Nilifikiri analilia hatari aliyoponea. Njiani akaniuliza kama uvimbe wote utaisha, au kidogo kitabaki.

Fundi alipunguza ile gomesi. Siku ya wageni nilisimama mlangoni pa chumba na kumwambia mdogo wangu kwamba asipotoka nitatoka mimi nipige magoti, na watu wa Nagongera watanichukua mimi na mgongo wangu. Hapo alicheka kidogo, akatoka. Kwa sababu ya bandeji upande mmoja ulikuwa mkubwa kuliko mwingine, kila mwenye macho angeona. Hakuna aliyeona. Mama mkwe wake alimwinua, akamgeuza viganja, akakuta sugu za jembe, akarudi kuketi ameridhika. Wiki zote zile, homa yote ile, na mama yule alikuja kutazama viganja.

Ningependa kusema iliishia hapo. Wageni walipoondoka, senga alinivuta pembeni ya jiko, akaniuliza kuku wake yuko wapi. Nikauliza kuku gani. Kuku wa dawa, akasema, mtetea, kama anavyopewa kila mtu aliyetoa dawa. Nikamkumbusha Tororo.

"Hayo ya hospitali ni ya hospitali," akasema. "Mimi niliambiwa nikuze. Halikukua?"

Kukua, lilikua. Akaongeza kwamba dawa isiyolipwa hurudi nyuma, na kilichoota hunywea.

Jeraha limepona, limebaki kovu dogo. Mdogo wangu sasa yuko Nagongera kwa mumewe, ambaye sijasikia akilalamika juu ya chochote. Ananipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. Anauliza habari za wadogo zetu, mvua, soko. Halafu anashusha sauti, mume asisikie, anauliza kama nimeshampelekea senga kuku. Namwambia sijapeleka na sipeleki. Ananisihi, Dada, tafadhali, peleka tu. Mitetea ninao hapa uani, wanachakura chini ya kamba ninapoanika sidiria. Senga bado anangoja wake.