Unga Mkavu wa Suguti

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, kwa babu huko Suguti, mwaka ambao jembe la plau lilipotea mvua zikiwa zimeshaanza. Nasema kile chuma cha chini kinachopasua udongo. Bila hicho ng'ombe wanne walisimama bure, na sisi tuliitazama njaa ikija.

Babu akaamua watu wale unga. Ilikuwa imani ya nyumba ile: kila mtu mzima anapewa unga mkavu wa muhogo kiganjani, anatafuna na kumeza mbele ya wote. Asiye na kosa, unashuka. Mwizi, mizimu inambana koo. Hakuna aliyeuliza mizimu ilisomea wapi upelelezi.

Tulikusanyika uani mchana. Baba mdogo, kitinda mimba wa bibi, alimeza na kujifuta mdomo. Shangazi akameza, baba yangu akameza. Ikafika zamu ya mama, aliyeolewa pale kutoka Bunda. Alitafuna, akatafuna. Jasho likamtoka puani. Kisha akakohoa, unga ukamwagika kwenye kanga yake.

"Mama Nyabwire," bibi alisema taratibu, "koo haliongopagi."

Baba aliangalia chini. Mpaka leo shingo ile iliyoinama inanichefua kuliko maneno ya bibi. Kesho yake mama alirudishwa kwao na mfuko mmoja wa nguo, mimi nikabakizwa.

Kabla ya mavuno jembe likaonekana kwa mama mmoja muuza gongo. Baba mdogo ndiye aliyelipeleka, akalinywea. Babu akacheka, akasema kijana ni kijana. Mkuki kwa nguruwe. Hakuna aliyekwenda Bunda kuomba radhi.

Leo mimi ni muuguzi Musoma mjini. Kila siku nawaona watu wasio na kosa lolote wakikaukwa mate kwa kumwogopa daktari tu. Mwili ukiogopa hukausha mdomo. Haujui kweli wala uongo. Na kuna jambo ambalo wale wazee walilijua vizuri sana: mkwe pale nyumbani hakuonja kitu kabla wakwe zake hawajashiba. Wenzake wote walikuwa wamekunywa togwa asubuhi ile. Mama alikuwa ametoka kuchota maji na kupalilia muhogo, na hajatia hata tone mdomoni. Walimpa mtu mwenye kiu unga mkavu, uliposhindikana wakamwita mwizi. Nina hasira nao, na sitaki kuambiwa kwamba ni mambo ya zamani.

Mwaka jana nilimwambia mama hayo yote. Siku hizi anakaa nami hapa mjini, Kigera. Nikamweleza habari za mate na woga, nikawasema wale wakubwa mmoja mmoja, hata marehemu. Alinisikiliza huku akichambua dagaa.

"Unga ulikuwaga unashuka," akasema. "Nikainua macho, nikakuona. Umejificha nyuma ya bibi yako, unaniogopa."

Ni kweli. Nilikuwa nimeshaamini, kabla hata hajakohoa. Nilikuwa na miaka tisa, na mgonjwa akinisimulia jambo kama hilo ningemwambia mtoto hana kosa. Lakini mama hakuwa ameniuliza kuhusu kosa. Alikuwa ananiambia kilichomkaba.