Nyumba Iliyorukwa na Lori

Esben alikuwa mtu wa kunawa. Ananawa akiamka, ananawa akifika kazini mjini Aalborg, ambako aliuza makabati ya jikoni, ananawa tena kabla ya kumpa mteja mkono. Aliyekuwa mkewe alizoea kusema kwamba yeye alikuwa mke mdogo, mke mkubwa ni sabuni. Lakini angezaliwa alikozaliwa Esben, naye angenawa. Aksel, baba yake, alifuga minki, wale wanyama wadogo wakali ambao manyoya yao huvaliwa na matajiri, na harufu ya minki haina adabu hata kidogo. Inaingia kwenye nywele, kwenye mkate, kwenye daftari la hesabu. Shuleni walimwita Fungo. Wakacheka, naye akacheka nao, maana angefanya nini.

Miaka ishirini baada ya kumaliza sekondari, akiwa na thelathini na tisa na upara unaanza kubisha hodi, alipigiwa simu na Sidsel, aliyekuwa kiranja wa darasa na hajaacha ukiranja mpaka leo.

"Fungo! Tunakodi lori tena!"

"Lori la nini, nyie wazee wenye presha?"

"Lori lilelile. Matawi, honi, kofia, kila kitu. Na usiniambie una kazi, maana Jumamosi hakuna mtu anayenunua kabati."

Huko kwao, vijana wakimaliza sekondari huvaa kofia nyeupe zenye utepe mwekundu, wakapanda lori la wazi lililofungwa matawi mabichi, wakaenda nyumba kwa nyumba, kila mmoja kwao. Wazazi wanasubiri uwanjani na chakula na bia, bendera juu ya mlingoti. Mzazi anaingoja siku hiyo tangu mtoto anatambaa. Hakuna nyumba inayorukwa, hata ya mlevi, hata ya waliotengana wakatupiana vyombo. Mwaka wao ilirukwa moja, nayo ilikuwa ya kina Esben.

Aliyeiruka ni Esben mwenyewe. Asubuhi ya siku ile alimfuata Rune, rafiki yake wa chanda na pete, ambaye alikaa mbele na kumwelekeza dereva njia. Akamwambia kwao wasiende, baba amelazwa hospitali. Uongo mtupu, lakini Rune aliamini, maana Esben hakuwahi kumpeleka mtu yeyote kwao na wenzake hawakumjua Aksel kwa sura. Aksel alikuwa mzima kama chuma. Wiki nzima alikuwa akisugua uwanja na kumwaga chokaa chini ya mabanda, na Tove, mama yake Esben, alikuwa amekaanga nyama ya kuwatosha askari wa kambi nzima. Lori lilipofika penye njia ya kwao halikupunguza hata mwendo. Esben alijilaza sakafuni, katikati ya miguu ya wenzake, ili asionekane. Walidhani amelewa.

Aliporudi kesho yake asubuhi, aliwaambia wazazi kwamba dereva aligoma, muda ulikuwa umekwisha. Mama akasema basi, chakula kipo. Novemba ile Aksel aliwamaliza minki wote, hata majike ya kuzalisha, akaenda kuajiriwa kiwanda cha samaki kule Hanstholm. Alisema bei imeshuka. Esben, aliyekwisha kuhamia mjini, alifurahi, na tusimsitiri katika hilo: alifurahi sana. Aksel alikata samaki mpaka mgongo ukamgomea, na sasa alikuwa na miaka sita kaburini.

Jumamosi ya mwisho wa Agosti wakapanda lori. Kofia hazikuwaenea tena, na Sidsel alifunga yake kwa mpira kidevuni kama mtoto wa chekechea. Walikwenda kwa mama yake Sidsel, wakaenda kwa dada yake Rune, wakala, wakanywa, wakaimba vibaya. Esben alikuwa ameanza kufurahi kwa dhati. Ndipo lori likakata kona kushoto, na akaijua ile barabara kwa matuta yake kabla hata hajainua macho.

"Tunaenda wapi?"

"Tulia, utaona," Rune alisema huku akitabasamu. "Kuna nyumba moja tuliiacha."

"Hapana. Geuzeni. Mama mgonjwa."

"Mgonjwa wa wapi, wewe? Jana nimeongea naye kwa simu, kasema anakaanga!"

Bendera ilikuwa juu. Tove alisimama chini yake na gauni la bluu, mwembamba kuliko Esben alivyomkumbuka, meza ndefu nyuma yake imetandikwa kitambaa cheupe. Kule yalikokuwa mabanda palikuwa na nyasi tu. Hapakuwa na harufu yoyote. Alimpa kila mmoja mkono.

"Karibuni, wanangu. Mmechelewa kidogo."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Esben hakuweza kucheka. Alichukua sahani, akaketi mwisho wa meza, akamwomba Mungu, ambaye hakuwa na mazoea naye, wenzake wamalize kula upesi waondoke. Lakini huko kwao mtu akishiba hugonga glasi kwa kisu akasimama kuhutubia, na Rune, mtu mwema asiye na hila, alisimama.

"Rune, kaa," Esben alisema. "Kaa chini, bwana, tunachelewa."

"Subiri wewe. Mama, tumekuja kuomba radhi. Mwaka ule tulitaka sana kuja. Ila Esben alipotuambia asubuhi kwamba mzee kalazwa, tukaona tusiwasumbue. Tukasema tutakuja wiki ijayo. Ujana tu, mama, tukasahau."

Tove alikuwa akikata keki. Kisu kikasimama.

"Kalazwa?"

"Ndiyo, siku ileile. Tumbo, sijui?"

Alimtazama mwanawe. Hakumtazama kwa muda mrefu.

"Ndiyo," alisema. "Tumbo. Lilimsumbua sana." Akaendelea kukata keki, akamwekea Rune kipande kikubwa.

Esben alimfuata jikoni.

"Mama."

"Peleka maziwa, wenzako wanangoja kahawa."

"Mama, nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa." Alifungua bomba, akafunga bila kuosha kitu. "Baba yako aliliona lori. Alikuwa amesimama pale njia panda tangu asubuhi, kavaa suti, ili dereva asipotee. Lilipompita likamwachia vumbi tupu, akaja hapa, akaketi hapo. Akasema, Tove, ni harufu. Akasema, mtoto anakosa watu kwa ajili yangu. Novemba akawamaliza."

"Alisema bei imeshuka."

"Bei mwaka ule ilikuwa nzuri."

Esben alishika ukingo wa sinki. Alitaka kulia na aibu ikamzuia hata kulia. Mama alibeba maziwa mwenyewe akatoka, na huko nje akasikika akimtania Sidsel kuhusu ule mpira wa kidevuni.

Jua lilikuwa linashuka. Wenzake walipanda lori wakaanza kupiga honi, wakiita Fungo, Fungo, twende. Tove aliwapungia mkono mmoja mmoja. Kisha akamgeukia.

"Shusha bendera kwanza."

Kuiacha bendera juu jua likizama ni mwiko kwao, na Aksel hakuwa mtu wa kuvunja miiko.

"Siku ile baba yako alikataa kuishusha," mama alisema. "Tulilala ikiwa juu. Alikuwa ameshasema ni harufu, lakini bado akasema, labda wamepotea, wataiona."

Esben aliivuta kamba. Fundo lilimchukua muda. Alipoikunja bendera vizuri, pembe kwa pembe kama alivyofundishwa na baba yake, akampelekea mama kwa mikono miwili. Tove aliipokea bila kumgusa.

"Nibaki nikusaidie vyombo?" aliuliza.

"Hapana. Kanawe mikono," mama alisema, "halafu nenda kwa wenzako."